Fungu la Baba Apio

Jumanne

Na bado jirani yangu Mama Rose ananiuliza eti ninanenepa kwa magendo gani! Hajui. Tangu wanajeshi wamchukue mume wangu, Baba Apio, kila hofu iliponishika nilikula tu, muhogo, hata matoke yaliyopoa, mpaka magauni yakanibana.

Alirudi Jumapili, mifupa mitupu. Chakula kikawa hakimshuki kooni. Niliogopa sana.

Leo nimepika maharage ya karanga. Akanitazama weee, kisha akacheka, mara ya kwanza tangu arudi.

"Kumbe ulikuwa unakula na fungu langu?"

"Nilikuwa nakutunzia."

Akala, akasukuma sahani kwangu. "Basi niongeze."

Nikammiminia yangu yote. Sikuyatamani tena. Nilikuwa nimeshiba.