Mbegu ya Wimbi Niliyoiosha

Moiben, 9 Machi 1985

Kaka Kimeli,

Jambo hili sijamwambia mtu. Ile mbegu ya wimbi iliyoota ukungu, ni mimi niliyeiharibu, si mke wako.

Unajua Nyanya huning'iniza masuke ya mbegu juu ya moto, moshi uyalinde. Mwalimu wa Sayansi Kimu alitufundisha masizi ni uchafu. Basi Nyanya alipoenda kanisani nikayaosha masuke, nikayafungia ghalani hata hayajakauka.

Jana Nyanya alifungua ghala, akaona ukungu, akadhani mke wako ndiye aliyeyaweka. Akamwambia Wifi Aloo, "Nyinyi watu wa ziwa mnajua samaki tu. Njaa ya mwaka jana haikutosha, sasa umetumalizia mbegu? Rudi kwenu."

Wifi alijibu tu, "Sawa, Mama." Mimi nilikuwa hapo nikichambua mboga. Nikaendelea kuchambua.

Ng'ombe wako amezaa ndama dume. Wifi anafunga mizigo, na barua hii itakufikia Nakuru akiwa ameshaenda. Nimeiandika mara tatu nikiichana.

Nasikia hatua zake nje, nadhani anakuja kuniaga. Naficha karatasi chini ya godoro. Wacha nijaribu kumwambia kwa mdomo.

Dada yako,
Jeruto