Hodi Ni Tatu, Kaka

Kaka Twalib,

Salamu kwanza, kwa kuwa marehemu Baba alitufundisha kuanza na salamu hata kwa mtu tuliyemkasirikia. Barua hii nimeiacha wazi, anayetaka aisome. Wewe ndiwe uliyeanza kuacha mlango wetu wazi.

Umetuma watu kwangu nikuombee radhi kwa Mama kabla ya Idi. Nimemwambia. Jibu lake utalipata chini, lakini kwanza nisikilize mimi.

Unazikumbuka Ramadhani zetu za utotoni? Baba alikuwa akitupa sahani ya futari iliyofunikwa kawa, tuipeleke kwa jirani. Mimi nabeba sahani, wewe unabisha kwa kuwa ndiwe mkubwa. Ukifika mlangoni unapiga "hodihodihodi" kwa pumzi moja, miguu umeshaigeuza, jirani hajainuka hata mkekani. Kisha unaniambia hawapo, tungoje adhana kichochoroni tule sambusa. Nilikuwa nacheka mpaka napaliwa. Baba alipotugundua hakutupiga. Alisema, "Hodi ni tatu, wanangu, na baina ya moja na nyengine pana pumzi. Ukinyamaziwa, rudi. Nyumba ya mtu ni sitara yake."

Ukakua, ukaajiriwa kwenye lile jumba la mikutano mjini. Siku uliyotupeleka kulitazama, tai ilikuwa imekukaba shingo. Ulitaka tuustaajabie mlango wa kioo unaofunguka wenyewe. "Hapa hakuna hodi," ulisema, ukaingia na kutoka, ukaingia na kutoka, kama mtoto aliyepewa pembea. Mimi nilistaajabia mengine. Wamejenga baraza ya chokaa mle ndani, nzuri hasa, kisha wakaizungushia kamba na kuweka kibao: usikae. Baraza isiyokaliwa! Na vyumba vyao wamevipa majina ya mitaa yetu. Siku hiyo semina ya kuondoa umaskini ilikuwa katika chumba cha Majengo, wajumbe wamevaa makoti kwa baridi ya kiyoyozi. Mtaa wenyewe wa Majengo mtu angefika kwa miguu, lakini nani alitaka kutoka jasho? Baba alitazama yote hayo, akauliza choo kiko wapi.

Hata hayo tungeyameza, kazi ni kazi. Ukaanza kuwatembeza wajumbe baada ya vikao: Ngome, msikiti wa kale, milango ya nakshi ya Ndia Kuu. Ulipoishiwa na vitu vya kale, ukawaleta kwetu.

Baba alikuwa amefariki baada ya zile mvua kubwa za Elnino, na Mama alikuwa anakaa eda. Ulijua vizuri kwamba mwanamume asiye maharimu wake hapaswi kumwona mpaka eda iishe. Mchana ule nilikuwa jikoni nakuna nazi. Sikusikia hodi, hata ile yako ya pumzi moja. Nilisikia viatu. Kutoka, nakuta wanaume nisiowajua wamejaa ndani, kamera shingoni, nawe umelishika pazia la chumba cha Mama, umelifunua. Ukawaambia kwa Kiingereza chako cha kuazima kwamba huyu ni mjane, na kwamba hii ni desturi ya zamani.

Mama alijifunika uso kwa mto. Kwa mto, Kaka, kwa sababu buibui lake lilikuwa msumarini upande wenu. Mgeni mmoja aliona haya, akatoka kinyumenyume. Wewe hukuona kitu. Nilipokufokea, ulisema ninakutia aibu mbele ya wakubwa.

Tangu siku ile nakudharau, nami sifichi. Wale wageni hawakujua. Wewe ulinyonya ndani ya nyumba hii. Wazee walisema mwacha asili ni mtumwa, lakini wewe hukuiacha asili yako. Uliipeleka sokoni ikiwa bado hai.

Eda iliisha. Mama anatoka, anakwenda arusini, anacheka. Ila viatu vikipita kichochoroni, mkono wake huitafuta leso. Jioni nyingine nazikumbuka sambusa zetu, nakutamani ndugu yangu, roho inaniuma. Kisha naukumbuka ule mto.

Sasa jibu la Mama. Nilimfikishia maneno yako akichambua mchele, hata uso hakuinua. "Mwambie na aje kama watu," alisema. "Asimame nje, abishe hodi tatu, na atie pumzi. Nikijibu, aingie. Nikinyamaza, ajue nimesikia."

Basi njoo, Kaka. Ukinyamaziwa usiusukume mlango. Rudi zako kwenye jumba lako. Kule mlango hufunguka wenyewe, kwa mtu yeyote.

Ni mimi dadako,
mbeba sahani.