Umri Aliousema Mama

Kyuso,
Jumatatu jioni.

Kaka Kiema,

Natumai barua hii itakukuta mzima, na jua la Mtito Andei halijakumaliza. Sisi huku tu wazima wa mwili. Magoti yanamsumbua Mama asubuhi, lakini kanisani hakosi. Mvua imenyesha kidogo, mtama umesimama, na yule mbuzi mweusi wa pembe moja amezaa mapacha. Nakuandikia kwa sababu simu zangu hupokei. Mulinge wa lori la ndengu ndiye anayekuletea, na nimemwomba asiondoke hapo mpaka uifungue mbele yake.

Jumanne iliyopita, mchana, mtu aliingia katika kinu cha Mzee Musembi hapa sokoni. Alikuwa amevaa barakoa na jaketi lenye hudi iliyofunika kichwa. Alimpiga mzee kichwani kwa chuma, akachukua mfuko wa mauzo, akatoka mbio. Musembi amelazwa Kitui, na madaktari bado hawasemi lolote la kututuliza. Waliomwona mtu huyo ni watatu: Musembi mwenyewe, Mama aliyekuwa akingoja unga wake, na Awo wa duka la nguo, aliyepishana naye mlangoni.

Nilifika mbio kutoka shuleni nikamkuta Konstebo Gedion akiwauliza mtu huyo alikuwa wa umri gani. Musembi, akipakiwa kwenye gari, alisema ni kijana. Lakini Musembi amepita themanini, na hata mwalimu wetu mkuu anayestaafu mwaka huu humwita kijana. Awo alisema ni mzee, nyusi zilikuwa nyeupe kabisa. Watu walicheka hata katika hofu ile. Mmoja akamwambia, "Awo, ingia huko ndani dakika mbili, na wewe utatoka shosho wa nywele nyeupe." Ni kweli, unga humpaka kila mtu mle. Mama peke yake ndiye aliyetoa nambari. Alisema miaka kumi na minane, bila kusita, na Gedion akaiandika kama mtu aliyepewa maji wakati wa kiu.

Kwa nambari hiyo wakaanza kutafuta, na kesho yake wakamchukua Liban, mtoto wa Hirsi anayenunua mbuzi. Amekuja juzi tu kutoka Garissa kumsaidia baba yake, kwa hivyo Mama hamjui. Ni mrefu, mwembamba, ana miaka kumi na minane, na mchana ule hakuwa na mtu ila mbuzi. Watu waliokopeshwa pesa na Hirsi miaka yote sasa wanapita upande wa pili wa barabara. Alhamisi kutakuwa na gwaride la utambulisho. Watapanga vijana mstari mmoja, na Mama atamgusa bega yule aliyemwona. Akimgusa Liban, itakuwa kesi ya wizi wa mabavu, na unajua mwenyewe huishia wapi: kitanzi au kifungo cha maisha.

Nambari ile ilinikera tangu mwanzo. Nafundisha watoto wa umri huo kila siku, na nikikutana nao sokoni bila sare siwezi kukuambia yupi ana kumi na sita na yupi ana ishirini na tatu. Mama aliona macho tu juu ya barakoa. Alijuaje?

Jana baada ya ibada, Ismahan, mamake Liban, alikuja nyumbani. Nilidhani amekuja kutukana. Alikaa, akapokea chai, hakuinywa. Akamwambia Mama, "Mama Kiema, sikuombi useme uongo. Nimekuja uniangalie tu. Yule ni mtoto. Mpaka leo namkumbusha kuoga." Mama akamwambia anamwelewa sana. "Hata wangu ni wa umri huo huo," akasema, "na kuoga ni vita." Akacheka kidogo. Ismahan akaondoka akiamini tuna mvulana ndani ya nyumba. Mimi nilikuwa nimeshika birika, nikaliweka chini. Mama ana mtoto mmoja tu wa kiume, Kaka.

Nilipomuuliza hakuficha. Alisema yule mtu aliposimama mlangoni bega lake moja liliinama, vile Kiema husimama, naye akajiambia huyu ni rika la Kiema. Nikamuuliza Kiema ana miaka mingapi. Akasema kumi na minane. Nikamhesabia, tangu ulipoondoka mpaka leo, nikafika thelathini na moja. Akaniambia, "Ndinda, usinifundishe umri wa mtu niliyemzaa mimi." Kisha akaenda kuwafungia mbuzi, na tangu hapo ananijibu ndiyo na la.

Usidhani nakushuku. Mulinge anaapa kwamba Jumanne hiyo ulishinda chini ya lori lake ukibadilisha springi. Ndivyo nilivyojua uliko.

Leo nimefanya jambo ambalo Mama halijui. Nilikwenda kituoni nikasema mama yangu amekosea. Gedion aliniuliza kama nilikuwa kinuni. Nikasema hapana. Akanijibu kwa upole, "Mwalimu, ushahidi ni wa aliyeona. Abadilishe mwenyewe." Nimemsema mama yangu kwa polisi, na haikusaidia kitu.

Sijui maneno yako na marehemu Baba yalifika wapi; nilikuwa mdogo. Hata ulipokosa mazishi yake sikukulaumu. Lakini Mama amekuweka pale pale mlangoni, ukiwa na begi lako la shule, na sasa mtoto wa mwanamke mwingine amewekwa hapo pamoja nawe. Nimejaribu kukutoa kwa hesabu nikashindwa. Ni lazima akuone.

Mulinge anarudi kutoka Mombasa Jumatano. Panda naye. Usimtetee Liban, usimwambie Mama lolote kuhusu kesi. Ingia tu, umsalimie, ukae karibu na dirisha. Akishakutazama vizuri, Alhamisi aende anyooshe mkono wake au aushushe, yeye mwenyewe.

Nisalimie mke wako, na yule msichana mdogo ambaye Mulinge anasema ana meno yangu. Mama hajui habari zao, walete ukiweza. Mulinge anasema pia kwamba kidevuni umeanza kuota mvi, na upara umefika katikati ya kichwa. Kaka, nakusihi, usinyoe, na usije umevaa kofia.

Ni mimi dada yako anayekungoja,
Ndinda