Daftari la Wafalme

Baba mukubwa mpendwa,

Mko salama huko? Hapa Kamina vumbi linaingia hadi kwenye chai. Daftari la ukoo ulilonipa, la marehemu nkambo, baba yako, lilinitia shaka tangu kwenye treni: mbona linaanza na Farao na kuishia kwako, wewe unayetaka kusimikwa chifu? Nimempelekea dada yake nkambo, bibi Numbi. Nilipomwambia, kama ulivyoniambia, kwamba kaka yake aliliandika mwenyewe, mwiko aliokuwa akisongea bukari ukasimama.

“Yeye? Hakujuaka kuandika hata jina yake!”

Akanitolea kadi ya kazi ya nkambo, mpishi wa reli. Penye sahihi pana alama ya dole gumba tu.

Nikalipekua tena. Wafalme wote wameandikwa kwa kalamu moja ya biki, na kila k ina mkia mrefu. Bibi hajui kusoma, lakini nilipoweka barua ya salamu uliyomwandikia kando ya daftari, ni yeye aliyeigusa kwanza mikia ileile pande zote mbili, akacheka hadi machozi.

Kisha akaifunga kadi kwenye kitambaa nikuletee. “Bakimuuliza baba yake njo nani, aonyeshe hii kidole.”

Nakukumbatia sana.

Banza, mjukuu wa mpishi