Nyimbo Sita na Dawa ya Ganzi

4 Mei

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini hujambo na goti limepunguza kelele. Mimi mzima, isipokuwa koo. Usishangae kupata barua badala ya simu: mwalimu wangu wa uimbaji amenikataza kuongea hadi onyesho lipite, hata kunong'ona. Nimekuwa bubu wa kujitakia. Dukani nanunua kwa kidole.

Onyesho ni tarehe 25. Nitasimama na mpiga piano tu, niimbe nyimbo sita mbele ya watahini. Nikifaulu, naendelea na chuo. Lakini wimbo wa nne una noti ya juu, na kila nikiifikia sauti inakatika. Daktari ameingiza kamera ndogo kooni, akaona nyuzi za sauti zimevimba na kuota sugu. Anataka nipumzike, na chuo kinaruhusu kuahirisha hadi mwakani. Mpiga piano, mama mtu mzima, anasema kawia ufike. Wewe wasemaje?

Mwanao

9 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Goti lipo, linanikumbusha umri.

Mimi nanadi mitumba tangu hujazaliwa. Sauti imenikauka mara ngapi? Nanadi hivyo hivyo, ikichoka kukauka inarudi. Asiyenadi hauzi. Huyo mpiga piano mwambie ngojangoja huumiza matumbo. Soko zima linakuja kukusikia. Muuza viatu amenunua tai na hajui kuifunga. Nitawaambia nini?

Nakutumia kichupa. Jirani yetu anayefagia kliniki ya meno kaniombea dawa ya ganzi, ile wanayopuliza kabla ya sindano. Puliza kooni, uimbe. Mwalimu usimwambie, hao hawaishi maswali.

Mama yako

17 Mei

Mama mpendwa,

Shikamoo. Kichupa kimefika, ahsante. Dawa ni chungu, kisha koo linakuwa kama la mtu mwingine. Jana niliimba mchana kutwa bila maumivu. Noti ya juu ikatoka, mwalimu akapiga makofi.

Mpiga piano hakupiga. Aliacha kucheza, akaniuliza, "Unasikia unavyolisukuma hilo koo?" Nikatikisa kichwa. Kweli sisikii chochote. Leo asubuhi nimetema mate yenye wekundu kidogo. Lakini hapaumi, kwa hiyo nisiogope, sivyo mama?

Mwanao

22 Mei

Mwanangu,

Salamu nitazileta mwenyewe. Barua yako nimeipata leo na simu yako imezimwa.

Nilimsomea jirani, akanisimulia mgonjwa mmoja aliyetoka kliniki na ganzi mdomoni. Alikuwa anakula huku anapiga soga na mkewe, kumbe anatafuna shavu lake. Alijua alipoona damu kwenye shati.

Mwaga hiyo dawa. Ahirisha onyesho. Watu wa soko nitawajibu mimi. Barua hii nampa dereva wa basi la asubuhi akuletee chuoni. Naogopa, mwanangu.

Mama yako

10 Juni

Mwanangu,

Pole na upasuaji wa koo. Wauguzi walinifukuza kwa adabu, wakasema nikikaa utataka kuongea.

Dereva anaapa barua aliiacha kwa mlinzi wa chuo. Mimi na watu wangu wa soko tulifika umeshapanda jukwaani. Nyimbo tatu uliimba mpaka nikaanza kujiona mjinga kwa kuogopa. Wa nne nauona hadi sasa: mdomo wazi, kifua kimejaa, piano inaendelea, sauti hakuna. Na ulikuwa unatabasamu. Muuza viatu akapiga makofi akidhani umemaliza. Mimi nilijua.

Daktari amesema wiki hii unaweza kujaribu kusema. Jumapili nitapiga simu. Dawa niliileta mimi, nisamehe. Sema lolote, hata kama ni la kunisuta.

Mama yako

19 Juni

Mama mpendwa,

Shikamoo. Wananitunza vizuri, na kidonda kimepona. Barua yako ya Mei mlinzi aliikumbuka onyesho limeshapita. Sikulaumu peke yako. Siku ile nilipuliza mara mbili, na hilo hukunituma.

Jumapili simu ilipolia niliipokea mara moja. Ukasema haloo, haloo, ukasema mtandao mbaya, ukakata.

Mtandao haukuwa mbaya, mama. Nilikuwa nakujibu, kwa sauti yangu yote.

Mwanao