Siku Mama Bukwe Aliniangalia Usoni

Kapya, mujukuu wangu,

Tuko bazima. Nkambo yako mwanamuke anagombana na kuku yake kila asubui, kwa hiyo iko muzuri.

Unaniuliza kama ni sawa askari baue babandi mu njia, bila kubahukumu ku tribinali. Sikia. Wakati ya Zaïre, bezi ba shaba balitusumbua sana huku Kampemba. Basoda bakapewa ruhusa ya kubaua palepale. Siye bote tulipiga makofi.

Nilikuwa nimeoa tu juzi. Siku moja naona mama ya nkambo yako mwanamuke anakuja. Kwetu, muntu na mama bukwe wake habaangaliane. Nikaruka mu lupango ya nyumba ya jirani, nikajificha mu matembele. Basoda benye kupita bakaona matako tu.

"Mwizi!"

Bantu bakajaa: "Mupigeni!" Sauti ya kupita zote ilikuwa ya mama bukwe.

Soda akanigeuza na bunduki. Mama akaniona usoni, mara ya kwanza.

"Yoo! Muacheni! Iko bukwe wangu!" Akajifunika kitambaa, akakimbia na haya.

Soda akacheka: "Una bahati, tata. Siye tunapigaka masasi kwanza, tunaulizaka nyuma."

Kapya, kama mama bukwe angechunga heshima siku ile, weye na ulizo lako hamungezaliwa.

Nkambo yako