Kibuyu cha Mama Kipngeno

Ijumaa, 8 Machi

Mvua tangu alfajiri. Wachumaji wa majani chai wamepita wakiwa wamejifunika plastiki.

Akinyi amenisomea gazeti baada ya chai, kwa kuwa macho yangu hayataki tena herufi ndogo. Amesoma, "Magari imegongana." Nimemsahihisha. Akajibu, "Baba, ikigongana ama yakigongana, si watu wamepona?" Mke wa mwanangu huyu! Nilicheka alipotoka. Mbele yake sicheki.

Mchungaji atatutembelea wiki ijayo. Lazima anywe mursik, maziwa yetu ya mgando, na maziwa yanahitaji siku za kulala kibuyuni. Kesho nitakisafisha kibuyu cha marehemu mke wangu. Kimening'inia ukutani jikoni tangu tumzike. Hapa kwetu mwanamume hagusi kibuyu cha maziwa, lakini nilimtazama Mama Kipngeno akikisugua kwa mkaa wa mti wa senetwet miaka mingi. Najua.

Jumamosi, 9 Machi

Sijui nianzie wapi.

Nilikishusha kibuyu. Kitu kikalia ndani kama mbegu kavu. Nilidhani panya ameficha mahindi. Nikakiinamisha, vikamwagika vidonge mezani. Mwanangu Kipngeno alikuwa amekaa hapo hapo, amekuja kwa mapumziko kutoka kiwanda cha chai anakofanya kazi ya ufundi. Akinyi alikuwa mlangoni na ndoo ya maji.

Akinyi hakukana kwamba ni vyake. Ana virusi vya UKIMWI. Alijua kabla ya ndoa. Dawa huzimeza jikoni kila jioni, peke yake. Alichagua kibuyu kwa sababu alijua hakuna mwanamume wa nyumba hii atakayekigusa. Alihesabu vizuri. Hakunihesabu mimi.

Kipngeno alipiga meza. "Umeniua, Akinyi. Hii ni kesi. Mtu akijua ako nayo na akupatie, anafungwa. Mzee, Jumatatu tunaenda station. Mkuu wa kituo ulimfundisha, atakusikiza."

Nimekasirika. Kuficha ni kosa. Ninaliandika hivyo na sitalifuta.

Jumapili, 10 Machi

Akinyi ameondoka kabla ya ibada. Amekwenda kwa mama yake, huko Kipkelion. Hakubeba hata sweta. Sufuria ya uji ameiacha pembeni mwa moto, imefunikwa, pamoja na kikombe changu.

Vidonge nilivirudisha kibuyuni; vimo bado.

Kanisani nimeulizwa yuko wapi. Nimesema amekwenda kumwona mama. Ni kweli. Sikuongeza neno.

Jumatatu, 11 Machi

Kipngeno alivaa koti na kuniita. Nikamwuliza swali moja: umepimwa? Hajapimwa. Nikamwambia siendi kituoni kushtaki jeraha ambalo hakuna aliyeliona. Kwanza zahanati.

Alinitazama kama mtoto aliyenyimwa bakuli la supu. Lakini akaja.

Daktari Rotich naye nilimfundisha. Nimewafundisha wote, wanaofunga na wanaotibu. Alimpima Kipngeno tukiwa tumekaa kwenye benchi moja. Hana virusi. Arudie kipimo baadaye, lakini leo hana.

Kipngeno hakufurahi. Aliuliza, "Inawezekanaje?" Rotich akasema hazungumzi habari za mgonjwa yeyote, ila atatueleza jambo analomweleza kila mtu. Anayemeza dawa vizuri mpaka virusi visionekane katika damu, hamwambukizi mwenzake kitandani. Kisha akanigeukia: "Mwalimu, ulinichapa kwa kutosikiliza. Leo umesikia?"

Nimesikia. Na akiacha dawa? Virusi hurudi, akasema. Yeye ataugua, na hapo ndipo mwingine anaweza kuambukizwa.

Jumanne, 12 Machi

Nimewaza siku nzima. Nilifundisha miaka yote kwamba mkosaji aadhibiwe mbele ya darasa ili wengine wajifunze. Wangejifunza nini hapa? Sheria inamshika anayejua. Basi watu watachagua kutojua. Hawatapimwa. Hawatameza dawa. Wataambukizana wakiwa na mikono misafi.

Jambo alilolificha Akinyi ndilo lililomkinga mwanangu. Tumemfukuza kwa neno moja, kituo, na sasa hana dawa. Sisi ndio tuliofanya nyumba iwe ya hatari.

Alikosea kwa kunyamaza. Kwa hilo nitamkaripia. Kumfunga, hapana.

Kipngeno amerudi kiwandani bila kuaga. Nilikuwa nimemwambia kituoni asinitaje. Nikiitwa, nitasimama upande wa mkewe.

Jumatano, 13 Machi

Nimekwenda Kipkelion na kibuyu kwapani. Ningeweza kuvitia vidonge katika bahasha. Sikutaka. Nilitaka kikae mikononi mwake akione.

Njiani, sokoni Silibwet, mama wa mboga alipaza sauti: "Mwalimu! Leo umekuwa mama wa nyumba? Nani amekuoa?" Wenzake wakaangua kicheko. Nikamwambia ameniuliza maswali mawili na nina haraka. Mzee kubeba kibuyu barabarani ni kituko, najua.

Akinyi alikuwa anaanika nguo. Aliponiona alitaka kukimbia. Kisha akakiona kibuyu. Akakaa chini pale pale kwenye majani mabichi akalia. Tangu Jumapili hajameza dawa. Aliogopa kwenda zahanati ya huko, alidhani polisi wametangaza jina lake.

Nilimkaripia. Nilimwambia mume ni wa kuambiwa. Akasema, "Nilijaribu, Baba. Kila mara nikifungua mdomo naona nikirudishwa kwetu." Alirudishwa kweli. 

Nikamwambia Kipngeno hana virusi. Akafunika uso kwa kanga.

Tulipitia zahanati. Rotich amemtazama, amempa maelekezo, ameanza tena leo. Amerudi nyumbani nami. Amenipikia ugali na mboga ya kisochot, amenikemea kwa kunyeshewa. Nimekula wote. Ulikuwa mtamu.

Jumamosi, 16 Machi

Kipngeno amekuja. Kituoni hakwenda. Walizungumza nje karibu na zizi, muda mrefu. Nilisikia sauti yake ikipanda, kisha ya Akinyi ikipanda zaidi. Amesema hajui kama ataweza kumwamini. Analala chumba cha mbele. Nimemwachia. Mengine si ya baba.

Mchungaji alikuja, akanywa chai. Nilimwambia kibuyu kina kazi nyingine.

Jumatano, 27 Machi

Ukungu umeshuka mpaka kwenye mikaratusi. Kipngeno yuko likizo.

Kibuyu kimerudi ukutani, si jikoni tena, bali hapa sebuleni juu ya redio. Nilimwambia Akinyi atafute kopo la kawaida. Amekataa. Amesema Mama amemtunzia vizuri.

Jioni alikishusha. Kikalia. Kipngeno alikuwa anafunga kamba za viatu aende kukamua. Akaziacha, akaenda jikoni, akarudi na kikombe cha maji, akakiweka karibu na Akinyi.  Maji yalikuwa ya moto mno. Akakichukua tena, akayapuliza.

Kisha akaenda kukamua. Akinyi akanisomea gazeti. Alikosea mara nyingi. Nilimwacha asome.